Kistari

Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi.
Ofisi ya elimu, chumba cha tatu, dirisha linaloitazama Loleza
siku ambazo Loleza inakubali kutazamwa.
Julai. Vidole vimekufa ganzi,
nina koti la mtumba la Mwanjelwa na chai iliyopoa,
na mbele yangu shule kumi na tisa zimelala kwenye mistari:
Wanafunzi Waliobainika Kutumia Dawa za Kulevya.

Mwaka juzi, shule moja ya huko Uyole:
kumi na nne.
Naijua hiyo kumi na nne.
Aliiandika Mwalimu Sekela wa unasihi, kwa kalamu ya kijani,
kwa sababu ya bluu, alisema, ni ya mahudhurio.
Saba wa bangi, watano wa gundi,
wawili wa vidonge ambavyo hakuna aliyejua jina lake,
"vyeupe, vya kuvunja katikati."
Aliwaita mmoja mmoja. Aliwapa viti.

Machi akahamishiwa Makete.
Nafasi yake haikujazwa.
Mwaka uliofuata shule ikaleta kistari,
kifupi, cha penseli, cha mtu mwenye haraka.

Kistari maana yake: hatukuhesabu.
Mashine haina mahali pa kuweka hatukuhesabu.
Nilibonyeza, kikageuka sifuri.
Nilikiona kikigeuka.
Ilikuwa saa kumi kasorobo, nimeshafunga mkoba.

Siku ya mkutano, Ruanda Nzovwe, mheshimiwa akashika kipaza sauti:
"Yamepungua! Asilimia arobaini na moja! Vijana wetu wamepona!"
Mavuvuzela yakaitika.
Jumamosi yake, Kabwe, yule mwingine, mikono ya shati imekunjwa,
akapanda juu ya gari:
"Yameongezeka mara tatu! Wanawadanganya!"
Mara tatu ya nini?
Alianzia mwaka ambao hata fomu hazikuwepo.
Nilihudhuria yote miwili, nikila karanga.
Wote wameinua karatasi yangu juu.
Niliitambua: printa yetu inaikata herufi e mkia.

Mama Bupe, muuza viazi, anajua habari za vipimo.
Mnunuzi akija toka Dar anataka lumbesa,
gunia lililovikwa kilemba cha gunia jingine.
Mkulima huyohuyo akienda kununua mbolea
anapewa kilo arobaini na sita ndani ya mfuko wa hamsini.
"Hao wa jukwaani," akasema, "mmoja lumbesa, mmoja mbolea."
Akacheka.
Kisha hakucheka.

Mwanawe Asajile ana miaka kumi na tano.
Zamani alibeba ndoo mbili kutoka bombani bila kumwaga tone.
Sasa anakaa nyuma ya ghala,
chupa imefichwa ndani ya mkono wa sweta la shule,
nembo imeng'olewa, pua imechubuka,
anayatabasamia malori ya Tunduma
kana kwamba kila moja limemwamkia.
Yumo kwenye ile kumi na nne, mmoja wa wale watano.
Kwenye karatasi ya mwaka jana yumo ndani ya sifuri.
Kwenye "mara tatu" sijui yumo mara ngapi.

Mama Bupe aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisini,
ukweli ni upi, yamepungua au yameongezeka?
Nikaomba kisado kimoja cha viazi.
Alipima, akasawazisha kwa kiganja,
akaongeza viwili, vikubwa, bila kunitazama.

Jumatatu nilifika kabla ya mhudumu.
Nikafungua faili, nikaitafuta Uyole,
nikafuta sifuri, nikaweka kistari.
Mashine ikarudisha sifuri.
Nikafuta tena. Ikarudisha.
Basi nikaichapa hivyohivyo, ikatoka na joto lake,
nikachukua kalamu ya kijani.
Wino uligoma kwa baridi.
Nikaipulizia.